MSHIPA, NEVA NA FAHAMU: VITENZI VYA MAUMIVU NA ISTILAHI ZA MFUMO WA NEVA KATIKA KISWAHILI

1.0 Utangulizi

Mgonjwa anapomwambia tabibu kwamba "mshipa unanivuta", tabibu hawezi kujua kutokana na neno hilo peke yake iwapo linalozungumziwa ni mshipa wa damu, kano inayounganisha msuli na mfupa, neva, au hata ngiri. Neno mshipa hubeba dhana zote hizo. Waundaji wa istilahi walikabiliana na tatizo hili kwa njia mbili: ama walitohoa neno neva kutoka Kiingereza, ama waliunda kirai mshipa wa fahamu. Istilahi zote mbili zingali hai, ya kwanza zaidi katika vitabu vya biolojia, ya pili katika mazungumzo ya zahanati na katika vyombo vya habari.

Makala haya yanadai kwamba njia zote mbili zilishughulikia nomino na kuviacha vitenzi, ilhali ni katika vitenzi ambamo Kiswahili kimehifadhi tofauti ambazo fiziolojia ilizibainisha kwa taabu katika karne ya 19 na ya 20. Suala hili si la wanaleksikografia peke yao. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha maumivu. Mgonjwa huulizwa kwa maneno na hujibu kwa maneno, na anayeyapokea maneno hayo vibaya huenda akatibu kiungo kisichohusika.

2.0 Fahamu isiyofahamu

Kirai mshipa wa fahamu yaelekea kiliundwa kwa kufuata milango ya fahamu, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Katika matumizi hayo fahamu ina maana ya hisi. Lakini nomino hiyohiyo hutumika katika kupoteza fahamu, ambapo maana yake ni hali ya kujitambua, na kitenzi kufahamu kina maana ya kuelewa. Mwanafunzi anayekutana na mshipa wa fahamu kwa mara ya kwanza ana haki ya kudhani kwamba kazi ya kiungo hicho ni kujua.

Sivyo. Mwaka 1811 Charles Bell, huko London, alieleza kwamba mizizi ya mbele ya neva zitokazo katika uti wa mgongo inahusika na mwendo. Mwaka 1822 François Magendie, huko Paris, alikamilisha jambo hilo kwa majaribio ya wanyama. Alipokata mizizi ya nyuma, kiungo kilikosa hisi lakini kiliendelea kujongea. Alipokata ya mbele, kiungo kililegea ingawa hisi ilikuwapo. Neva nyingi za mikono na miguu, basi, ni mafungu yenye nyuzi za aina mbili: ziletazo habari kutoka mwilini na zipelekazo amri kwenye misuli. Kuliita fungu lote "la fahamu" ni kuiita barabara yenye njia mbili kwa jina la wanaokuja tu.

Msemaji wa kawaida hahitaji Magendie ili kutofautisha mambo haya. Husema mguu umekufa ganzi pale hisi inapopotea, na mguu umepooza pale mwendo unapopotea, wala hachanganyi. Tofauti ambayo istilahi imeificha ndani ya nomino moja, lugha ya nyumbani inaitenga kwa vitenzi viwili.

Kuna kasoro nyingine. Mtu anayegusa sufuria ya moto huondoa mkono kabla hajasikia maumivu. Ishara hufika katika ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo, hupokelewa huko na seli nyingine za neva, na amri hurudi kwenye misuli ya mkono bila kuungoja ubongo. Hapo mishipa ya fahamu imefanya kazi yake yote fahamu ikiwa haina habari. (Neno uti wa mgongo nalo limeelemewa: husimamia mifupa, na mara nyingi ugwe wenyewe, na homa ya uti wa mgongo si ugonjwa wa mifupa wala wa ugwe bali wa tando zinazouzunguka ubongo na ugwe.)

Kwa sababu hizo tunapendekeza neva libaki kuwa neno la jumla, na migawanyo yake iundwe kwa vitenzi: neva ziletazo na neva zipelekazo. Urejeshi wa namna hii ni wa Kiswahili tangu zamani, na humwambia msomaji kinachotendeka bila kumtaka akumbuke fasili.

3.0 Mwiba na mguu

Vitabu vya shule hupenda kulinganisha neva na waya wa simu. Mfano huo unasaidia kwa hatua moja, kisha unapotosha. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa ishara katika neva ya chura akapata takribani mita 27 kwa sekunde, mwendo mdogo mno ukilinganishwa na wa umeme wayani. Sababu ilielezwa kikamilifu na Alan Hodgkin na Andrew Huxley mwaka 1952, kwa kutumia uzi mnene wa neva ya ngisi. Uzi uliotulia huwa na umeme hasi ndani yake, kiasi cha milivolti 70 chini ya nje. Unaposisimuliwa, milango midogo katika utando wake hufunguka, ayoni za sodiamu huingia, na sehemu hiyo hugeuka kuwa chanya. Badiliko hilo hufungua milango ya sehemu inayofuata. Kisha ayoni za potasiamu hutoka na kurudisha hali ya awali. Ishara haisafiri kama maji katika bomba. Inafanana zaidi na moto unaopita katika mstari wa nyasi kavu, kila jani likiliwasha la jirani, isipokuwa nyasi za neva huota tena ndani ya elfu chache za sekunde.

Nyuzi zote haziendi kwa kasi moja. Zile nene, zenye ala ya mafuta iitwayo mayelini, ambazo hupeleka amri za mwendo, zinaweza kufikia mita 120 kwa sekunde. Za maumivu ni za makundi mawili: A-delta, nyembamba zenye ala hafifu, kati ya mita 5 na 30, na C, nyembamba zaidi zisizo na ala, kati ya nusu mita na mita 2. Kutoka kidole cha mguu hadi ugweni ni kama mita moja. Kwa hiyo anayejikwaa husikia maumivu mara mbili: la kwanza kali na la mahali dhahiri, katika sehemu ndogo ya sekunde, la pili zito na lililotapakaa, baada ya kama sekunde nzima.

Msemaji wa Kiswahili husema: "Mwiba umenichoma, mguu unaniuma." Katika sentensi ya kwanza kiima ni kitu cha nje na kitenzi kina -me-, tukio lililokwisha kutimia. Katika ya pili kiima ni kiungo na kitenzi kina -na-, hali inayoendelea. Ugeuzaji huu wa kiima unaafiki kwa ukaribu mkubwa mgawanyo wa kifiziolojia: maumivu ya kwanza yanaarifu juu ya ulimwengu, ya pili yanaarifu juu ya mwili. Hatusemi kwamba kila kitenzi kina uzi wake. Mtu husema pia ubavu unanichoma pasipo mwiba wowote, na husema tumbo linakata ingawa utumbo hausikii kukatwa kama usikiavyo kuvutwa na kujaa. Linasokota liko karibu zaidi na ukweli. Tunachosema ni kwamba sarufi ina nafasi mbili pale ambapo tafsiri ya neno kwa neno huona neno moja, maumivu.

Jambo hili lina uzito katika hojaji za hospitali. Hojaji ya Ronald Melzack ya mwaka 1975, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha McGill, ina maneno 78 ya Kiingereza katika makundi 20, na kwa sehemu kubwa ni vivumishi vya kuyaeleza maumivu. Ukiyatafsiri moja kwa moja utapata orodha ya maumivu yenye kuchoma, yenye kukata, yenye kupwita, ambayo hakuna mgonjwa anayeisema. Kwa Kiswahili ni jipu linalopwita na koo linalokereketa. Hojaji ya Kiswahili haina budi kuanza na kiungo kama kiima.

4.0 Kuwasha na kutonesha

Vitenzi viwili vinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Kuwasha ni unyambuaji wa kutendesha wa kuwaka. Tunawasha moto na taa. Pilipili inawasha mdomo. Upupu unawasha ngozi. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko California ilitambua kipokezi, TRPV1, kinachofunguliwa na kemikali ya pilipili na pia na joto lipitalo takribani nyuzi 43 za Selsiasi. Ulimi, basi, haudanganywi na mfano wa kishairi. Uzi uleule unapokea pilipili na moto. Julius alipata tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Upupu nao umetumiwa na watafiti wa mwasho kwa miaka mingi, kwa kuwa vinyweleo vyake huamsha nyuzi za kundi C kwa njia isiyotegemea histamini. Kitenzi hiki kinaunganisha moto, pilipili na mwasho, na nyuzi hizo nyembamba zinaviunganisha pia, ingawa mwasho na maumivu hutengana baadaye katika njia zake.

Kutonesha ni kukigusa au kukigonga kidonda kilichokuwapo. Mguso uleule kwenye ngozi nzima usingekuwa kitu. Fiziolojia hueleza kwamba tishu iliyovimba hutoa kemikali, zikiwamo prostaglandini, ambazo hushusha kiwango cha kuamshwa kwa nyuzi za maumivu. Waandishi wa vitabu vya tiba wanaotafuta kirai kirefu cha "kuongezeka kwa wepesi wa kuumia" wanacho kitenzi tayari, na nomino utonesho ingeweza kuundwa bila kumshangaza mtu.

5.0 Ganzi

Tumeacha hadi mwisho neno linalohitaji tahadhari kuliko yote. Ganzi ni kukosa hisi, kama katika dawa ya ganzi. Ni hali ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ambao si kwamba hauhisi bali unachomachoma. Na ni hali ya meno baada ya kula embe bichi. Maana ya kwanza na ya pili hutofautiana kitabibu. Katika ukoma, bakteria hushambulia neva za pembezoni, na dalili mojawapo ni baka la ngozi lisilohisi. Neva ya kiwiko ikiharibika, vidole viwili vya mwisho hupinda, kwa kuwa nyuzi ziletazo na zipelekazo zimo katika fungu moja. Mgonjwa huungua jikoni bila kujua. Wenye kisukari cha muda mrefu nao huweza kupoteza hisi za nyayo na kutembea na kidonda.

Kwa wagonjwa hao swali la kawaida, "Unaumwa wapi?", halina jibu, kwa sababu tatizo ni kwamba haumwi. Na akijibu "nina ganzi", kazi ya muulizaji ndiyo kwanza inaanza: je, pale pakiguswa husikii kitu, au unasikia kama wadudu wanatembea? Je, vidole vinanyooka? Maswali hayo matatu yanatenga hisi iliyopotea, hisi iliyovurugika na mwendo uliopungua, na hakuna hata moja linalohitaji istilahi mpya.