Foleni Iliyofichika katika Mawimbi ya Redio

Mawimbi ya redio yenye mitetemo bilioni 60 kwa sekunde hubeba habari nyingi mno, nayo husafiri mita 300 kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Yaonekana basi kwamba habari zitumwazo kwa njia hiyo hazina sababu ya kuchelewa. Hata hivyo huchelewa, na sababu si mwendo wa mawimbi bali ni foleni.

Urefu wa wimbi hapa ni milimita 5 tu, na wimbi fupi hivyo halipindi vizuri kuuzunguka mwili wa mtu. Mpita njia akikatiza baina ya antena mbili, mawasiliano huweza kukatika. Uchukuliwe mtambo uwezao kutuma biti milioni 1,000 kwa sekunde, ilhali zinazoingia ni milioni 500. Njia ikizibwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, biti milioni 50 hujipanga foleni. Ikifunguka, nafasi ya ziada huimaliza foleni kwa muda uo huo. Lakini zikiingia milioni 900, foleni hufikia milioni 90, na nafasi ya ziada ni milioni 100 tu. Kuimaliza kwahitaji sehemu tisa za kumi za sekunde. Kizuizi ni kile kile. Kungoja kumezidi mara tisa.

Kwa hiyo wastani wa kuchelewa, ambao wauzaji wa mitambo hupenda kuutaja, hautoshi. Mashine iongozwayo kutoka mbali huweza kuharibikiwa kwa ujumbe mmoja uliokawia, hata kama elfu nyingine zimewahi. Mpimaji hana budi kuhesabu ni jumbe ngapi katika kila laki moja zinazovuka kikomo cha muda kilichowekwa.