Kipimo Kinachojirudia: Saa na Istilahi katika Upimaji wa Kiotomatiki, Meru na Embu

1. Utangulizi

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili huamini kwamba mitambo ya maabara haimhusu, na kwamba kazi yake huanza pale mwanafizikia anapoweka kalamu chini. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba imani hiyo ina hasara. Upimaji unaorudiwa kwa miezi au miaka hutegemea maneno sawia na unavyotegemea mitambo, na neno moja likikosewa, rekodi nzima yaweza kusema uongo bila mtu yeyote kudanganya. Mifano imetolewa katika eneo la Meru na Embu, ambako mito kama Kathita na Rupingazi hushuka kutoka Mlima Kenya, na ambako mkulima hupanga upanzi wake kwa kutegemea mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba.

2. Kifaa na Jina Lake

Kifaa kinachozungumziwa ni kichanganuzi vekta cha mtandao. Kila neno katika jina hili lina mtego wake. "Mtandao" hapa si intaneti, bali ni mpangilio wowote wa umeme ambao mawimbi huupitia, kama vile waya, antena au kichujio. "Vekta" yaashiria kwamba kifaa hupima mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wa wimbi na awamu yake, yaani kiasi ambacho wimbi limetangulia au kuchelewa katika mzunguko wake. Kifaa hupeleka wimbi, kisha hupima sehemu iliyorudishwa na sehemu iliyopenya, na hurudia kazi hiyo katika masafa mengi.

"Masafa" nalo lina utata. Kwa msafiri ni umbali. Kwa mtangazaji wa redio ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Neno "marudio" lingeweza kushika nafasi yake, lakini katika mada hii lingegongana na marudio ya kipimo chenyewe. Kwa mintarafu hii, "masafa" lafaa zaidi, alimradi lifafanuliwe linapotumika mara ya kwanza.

3. Mfano wa Udongo

Na ichukuliwe, kwa ajili ya mfano tu, kwamba mtafiti anataka kufuatilia unyevu wa shamba katika nyanda kavu za Mbeere, kaunti ya Embu. Maji yana permitiviti linganishi ya takriban 80, ilhali madini makavu ya udongo yana kama 3 hadi 5. Kwa hiyo, udongo unapolowa, wimbi linalorudi kutoka kwenye kichomo kilichozikwa hubadilika waziwazi. Kompyuta huamrishwa kukiagiza kifaa kipime kila baada ya nusu saa. Hivyo hupatikana vipimo 48 kwa siku, na 17,520 kwa mwaka wa siku 365. Kila kipimo kikiwa na nukta 201 za masafa, na kila nukta ikiwa na namba mbili, siku moja huzaa namba 19,296. Hakuna karani awezaye kuziandika kwa mkono. Ndiyo sababu kazi hii huachiwa programu.

Hata hivyo, programu haina busara ya karani, na yapasa ipewe kanuni. Kwanza, kifaa kiachwe kipate joto lake la kawaida, ndipo kisawazishwe kwa viwango vitatu vinavyojulikana: ncha iliyo wazi, ncha iliyofungwa, na mzigo linganifu wa omu 50. Pili, joto la mahali liandikwe kando ya kila kipimo, kwa kuwa waya hubadili awamu unapopata joto la mchana. Tatu, kitu kimoja kisichobadilika kipimwe kila mara pamoja na udongo. Kitu hicho kikionekana kubadilika, kilichobadilika ni kifaa, si shamba. Nne, umeme ukikatika, pengo liachwe wazi katika rekodi. Programu inayojaza pengo kwa namba ya mwisho hubuni ukweli ambao haukupimwa.

4. Suala la Saa

Kosa lililo karibu zaidi na mwanafunzi wa Kiswahili limo katika saa. Tukio moja laweza kuwa na majina matatu. Msaidizi wa shambani huandika daftarini kwamba mvua ilinyesha "saa 8 mchana". Kompyuta iliyowekwa kwa saa za Kenya huliita tukio hilo 14:00. Kompyuta iliyowekwa kwa saa za kimataifa huliita 11:00, kwa sababu Kenya imetangulia kwa saa tatu. Daftari likinakiliwa kama 08:00, itaonekana kwamba mvua ilinyesha asubuhi na kwamba udongo ulichukua saa sita kuyahisi maji. Msomaji makini atatoa hitimisho kwamba udongo ule ni mgumu na haupenyeki. Hitimisho hilo lina mantiki, nalo ni batili. Mkulima akishauriwa kwa msingi wake, hasara ni yake.

Uzito wa saa hudhihirika pia mlimani. Kituo cha Mlima Kenya cha mpango wa dunia wa uangalizi wa angahewa, chini ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kilianzishwa mwaka 1999 katika mwinuko wa mita 3,678. Miongoni mwa vitu vilivyopimwa humo ni ozoni na kaboni monoksidi. Mchana, jua hupasha miteremko joto na pepo huipandisha hewa ya nyanda za chini hadi kituoni. Usiku, hewa ipimwayo huwakilisha zaidi anga huru ya juu. Namba ile ile, basi, ina maana moja usiku na nyingine mchana. Kosa la saa sita lingeweza kuutia moshi wa mabondeni katika hewa ya anga za juu.

5. Hitimisho

Imebainika kwamba kurudia kipimo ni rahisi, bali kuhakikisha kwamba kilichorudiwa ni kile kile ni kazi ngumu. Mwanafizikia hulinda uthabiti wa kifaa. Mwanalugha hana budi kulinda uthabiti wa istilahi. Yapendekezwa kwamba miongozo ya upimaji iandikwayo kwa Kiswahili itaje mfumo wa saa katika ukurasa wa kwanza, itenganishe "masafa" na "marudio", na ieleze "mtandao" upi unakusudiwa. Msaidizi anayeandika "saa 8 mchana" hajakosea. Ameandika Kiswahili sahihi. Atakayekosea ni yule atakayeisoma rekodi yake bila kuijua lugha iliyoiandika.