Folda Zitangoja, Baba Mkwe Hawezi

Shangazi,

Mimi ni mama wa pacha, tunakaa Kitengela. Mume wangu ni wa upande wa Il Bisil. Tangu 2008 tumekuwa tukipiga picha, kwanza kwa kamera ndogo ya dijitali tuliyopewa zawadi, kisha simu baada ya simu. Juzi nilikusanya kila kitu: kadi za memori, flashi, laptopu ya zamani, simu nne. Picha zinapita 30,000! Kuna harusi, ubatizo, ng'ombe waliokufa ukame wa 2009, bikoni za ploti yetu, hata nyumbu wakipita nyuma ya nyumba tuliyokuwa tumepanga. Nusu ya zile za kamera zinadai zilipigwa tarehe 1 Januari 2007, wakati hata kamera hatukuwa nayo. Mume wangu anataka tuzipange kwa matukio, mimi kwa miaka. Kijana wangu anasema tuiachie Google. Kuna nyingine za ukoo ambazo baba mkwe, aliyepita miaka themanini, ndiye pekee anayewajua waliomo. Likizo ya Desemba inakuja. Nianzie wapi, na nifute zipi?

Mama Pacha, Kitengela

Mama Pacha,

Huo mvutano wa folda nitaumaliza huko mbele kwa maneno machache, maana haustahili mengi. Kilichonishtua kwenye barua yako umekitaja karibu na mwisho kama jambo la kupita: watu wamo kwenye picha, anayewajua ni mzee mmoja, na umri wake ni huo. Folda unaweza kuzipanga mwaka ujao au hata 2030 na hakuna kitakachoharibika. Majina hayana muda huo. Kwa hiyo Desemba hii usipange chochote. Nenda Il Bisil.

Usiende na picha 30,000. Chagua mia moja hivi, zenye nyuso usizozijua wewe. Zile za pacha wakipakana keki ziache nyumbani, hizo utazieleza wakati wowote. Kama mzee ana picha za karatasi kwenye sanduku, ndizo za kwanza. Zipitishe kwenye skana pale saiba, au zipige kwa simu karibu na mlango, kwa mwanga wa mchana usiozipiga moja kwa moja, flashi ikiwa imezimwa. Mwonyeshe kwenye skrini ya laptopu au televisheni, usimtese macho kwa simu. Washa kinasa sauti, kiweke mezani, na kabla hajaanza kuzungumza taja kwa sauti nambari ya picha. Utakaporudi kuandika, nambari hizo ndizo zitakazokuongoza. Halafu nyamaza. Ukiuliza "huyu ni nani" utapewa jina. Ukivumilia kidogo baada ya hapo utapewa idadi ya ng'ombe waliotolewa mahari, waliogombana, na sababu ya yule wa kushoto kutokuja kwenye harusi iliyofuata.

Wewe ni mke wa boma la Kimaasai, huenda hili unalijua kunishinda: wazee wengi wa Kimaasai hawapendi kulitaja jina la aliyefariki. Mzee akinyamaza mbele ya uso fulani, usidhani amesahau, na usimsukume. Pita kando. Ni wa boma la nani? Alikuwa mama yake nani? Wa rika gani? Jina lenyewe mumeo atalitafuta baadaye kwa wale wa ukoo ambao mwiko huo hauwabani. Na kama familia itaona lisiandikwe kabisa, andika uhusiano, "mama mzazi wa fulani". Mjukuu atajua pa kuanzia kuuliza.

Tarehe pia usimwombe kwa mwaka. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya sherehe ya eunoto ya rika lake, kabla au baada ya ukame fulani, kabla au baada ya ranchi kugawanywa. Ranchi za pamoja za kwenu Kajiado ziliundwa chini ya sheria ya mwaka 1968, na nyingi zikaanza kugawanywa miaka ya 1980. Aliyepata kipande chake siku hizo hawezi kuzisahau. Ukipata "ranchi ilikuwa imegawanywa, mtoto wa kwanza alikuwa bado", umeshabana miaka. Andika "karibu 1990" uiache hivyo. Tafadhali usibuni siku na mwezi ili lebo ipendeze, kwa sababu atakayeisoma ataiamini.

Sasa lebo yenyewe. Karibu kila mtu huandika jinsi tunavyoitana nyumbani: "Shosho na Mama Pacha, Krismasi." Shosho yupi? Pacha wako watapata watoto, na kwa watoto hao Shosho ni wewe. "Baba" ni baba wa aliyeandika, na aliyeandika hakujitaja. Weka majina kamili, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza kama watu ni wengi, na lile mnalomwita kila mmoja nyumbani lifuate. Kisha mahali, tarehe, tukio, na aliyepiga picha. Huyo wa mwisho husahaulika daima. Ndiyo maana kuna familia ambazo baba haonekani hata kwenye picha moja na hakuna anayekumbuka kwamba ni yeye aliyeshika kamera.

Mahali pasiwe "Kitengela" tu. Mji wenu haukai mahali pamoja: ulianza kutanuka eneo la viwanda vya kuuza nje lilipofunguliwa Athi River miaka ya 1990, na mpaka leo haujatulia. Chukua ile picha ya nyumbu. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ua pande zote isipokuwa kusini, na kusini huko ndiko kwenu. Nyumbu walitoka upande huo msimu wa mvua wakaenea tambarare za Athi na Kaputiei. Kuanzia 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza. Ua na maghorofa vilikuja hata hivyo. Ukiandika mtaa, barabara iliyo karibu na mwezi, picha yako inaonyesha wanyama walipita wapi na walikuwa bado wanapita lini. Usipoandika, ni nyumbu kwenye nyasi, na hao wako wengi duniani.

Unaweza kuona nalikazia sana jambo hili la lebo. Wamaasai wamepigwa picha na wageni kwa zaidi ya karne, na hifadhi za picha za Ulaya zimejaa nyuso zilizoandikwa "moran wa Kimasai" basi, bila jina, huku jina la mpigapicha likiwa wazi. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, kiongozi wa Kimaasai kutoka Tanzania, alizuru Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford, akakuta vitu vya watu wake vikiwa na maelezo yenye kasoro. Baadaye wajumbe wa Kimaasai wa Kenya na Tanzania walisafiri hadi huko kusaidia kuyarekebisha. Wao ilibidi wapande ndege. Wewe unahitaji matatu ya kwenda Il Bisil.

Tuje kwa kamera yenu. Betri ikikaa nje muda mrefu, saa ya kamera hurudi mwanzo, na mwanzo wake ni tarehe ya kiwandani. Picha zilizofuata zote zimekosea kwa kiasi kilekile, kwa hiyo ukipata moja yenye tarehe ya hakika umezipata zote. Harusi ina kadi ya mwaliko. Kama hakuna harusi, tafuta kidole chenye wino: kura ya maoni ya katiba ilikuwa tarehe 4 Agosti 2010, uchaguzi mkuu tarehe 4 Machi 2013. Piga hesabu ya tofauti, kisha programu kama digiKam, ambayo ni ya bure, itasogeza tarehe za kundi zima kwa mpigo. Fanya hivyo kwenye nakala, kamwe si kwenye picha asilia. Na angalia: kila mara saa iliporudi mwanzo, kundi jipya lilianza na tofauti yake mpya. Nambari za faili zitakusaidia, kwani mara nyingi huendelea kupanda hata saa ikianza upya.

Folda: mwaka kwanza, ndani yake tukio, na jina la tukio lianze na tarehe iliyogeuzwa, hivi: 2014-12-20 Il Bisil harusi. Mumeo amepata matukio yake, wewe miaka yako, na kompyuta itazipanga kwa mfuatano bila kuombwa.

Kijana wako hajakosea kabisa. Google inakusanya nyuso zinazofanana vizuri kuliko macho yangu, na ukiitafutia "ng'ombe" italeta ng'ombe. Lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure, ambazo barua pepe nazo zinakula humohumo. Picha 30,000 hazitaenea. Tena akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa. Kubwa zaidi ni hili: maelezo unayoyaandika ndani ya Google Photos hayaingii kwenye faili ya picha. Ukizipakua siku moja, yatakuja pembeni katika faili jingine ambalo mtu wa kawaida hatajua la nini. Kwa hiyo itumie kutafutia, lakini lebo ziandike kwa digiKam au programu ya aina hiyo, baada ya kuhakikisha kwenye mipangilio kwamba inaandika ndani ya faili yenyewe. Hapo jina litaenda popote picha iendapo.

Isipokuwa WhatsApp. WhatsApp huibana picha na kuivua maelezo yake ya ndani. Kwenye simu za Android utakuta jina kama IMG-20221225-WA0012, na tarehe hiyo haikuambii picha ilipigwa lini, inakuambia iliingia lini kwenye simu. Shemeji anaweza kukutumia leo picha ya 2011 nayo ikasomeka ya mwaka huu. Waombe wakutumie kama hati, si kama picha. Hapo inafika nzima.

Kufuta ni kazi ya mwisho, na usiguse kitu kabla hujawa na nakala mbili. Ukishakuwa nazo, anza na maua ya "Siku njema", tokeni za stima na skrinishoti za M-Pesa. Huenda maelfu yakaondoka jioni moja. Zikifanana mbili, bakiza yenye faili kubwa. Keki ishirini ziwe tatu. Ila nakuomba, zile za ukame usizifute kwa sababu zinauma. Watu wengi huzifuta. Ukame uliporudi Kajiado na kufika kileleni mwaka 2022, vijana wengi hawakuwa na picha wala kumbukumbu ya 2009 ya kulinganisha. Ziandikie mlikuwa na ng'ombe wangapi, mkabaki na wangapi, na mlihamia wapi kutafuta nyasi. Baba mkwe atakuwa na ya kuongeza hapo pia.

Nakala: mpigapicha wa Marekani Peter Krogh alieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Kwenu iwe laptopu, diski ya nje, na diski nyingine Il Bisil kwenye sanduku lilelile la mzee, ndani ya mfuko usioingia vumbi. Ichomeke kila Desemba uone kama bado inafunguka. Wizi wa Kitengela hauchagui. Na mtu wa pili, mumeo au mmoja wa pacha, ajue nywila zako.

Zimebaki picha za bikoni. Zitenge kwenye folda yake, ziandikie nambari ya ploti na tarehe, na zisikae kwenye albamu mnayoshiriki na ukoo mzima, hasa kama humo mna picha za hatimiliki na vitambulisho. Pale ofisi ya ardhi Kajiado picha haichukui nafasi ya ramani ya mpimaji. Itakusaidia tu kumwonyesha mpimaji jiwe lilikuwa wapi kabla jirani hajalisogeza.