Mafuta ya Breki Yanapungua: Fuata Tone Hadi Linakotoka

Hapa Babati pikapu nyingi ni Hilux za dizeli za siku nyingi, mbele diski, nyuma drami, na kazi yao ni kushusha vitunguu saumu na maharage kutoka Mbulu. Mteremko wa Dareda hauna mchezo. Ndiyo maana dereva akiniambia taa nyekundu ya breki huwaka akikata kona, naye huongeza mafuta na kuendelea na safari, namsihi asiondoke kwanza. Mafuta hayo hayaungui kama dizeli. Mafuta kwenye kikopo chake yakishuka taratibu kwa miezi mingi, huenda pedi na shuu zimelika tu. Yakishuka ndani ya wiki, yanavuja.

Kwanza naosha gari chini kwa maji na sabuni, maana vumbi likishalowa mafuta, kila kitu huonekana kinavuja. Naliegesha mahali tambarare, hendibreki juu, gia huru, mawe kwenye tairi, maboksi makavu chini. Mtu anawasha injini, anakanyaga pedali kwa nguvu na kuishikilia, nami namulika tochi: paipu za chuma kwenye chesisi, hasa chini ya klipu ambako tope hukaa na kutu huanzia, hozi ya nyuma inayoshuka kwenye ekseli, kisha hozi za mbele, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kulia na kushoto. Ufa uliojificha tairi likiwa limenyooka hufunguka hapo.

Penye utata ni nyuma. Upande wa ndani wa tairi ukilowa, wengi hukimbilia kununua wili silinda, kumbe pengine ni sili ya ekseli inayotoa oili ya difu. Nagusa ule unyevu kwa kidole, nakichovya kwenye kikombe cha maji. Mafuta ya breki huyeyuka yakapotea. Oili ya difu huelea juu, tena ni nzito na ina harufu kali ya salfa. Naupenda sana mtihani huu. Hauna gharama na humwepusha mtu na spea asiyoihitaji.

Kisha napiga jeki, naweka stendi, naachia hendibreki na kuvua drami. Ikigoma, nakaza bolti mbili za milimita 8 kwenye matundu yake mawili, zamu kwa zamu, nayo hutoka bila nyundo. Nafunua raba ya vumbi ya wili silinda kwa bisibisi. Mafuta yakichuruzika, raba za ndani zimekwisha. Nabadilisha pande zote mbili, na shuu zilizolowa natupa. Kuzichoma kwa petroli ili zikauke sikubaliani nako hata kidogo: mafuta yameshaingia ndani yake, na gari litavuta upande mmoja.

Chini pakiwa pakavu kabisa, tazama masta silinda inapokutana na busta. Mafuta ya breki hula rangi, kwa hiyo rangi iliyobabuka hapo ni ushahidi. Yanaweza hata kuingia ndani ya busta bila tone kudondoka. Fungua nati za masta, isogeze mbele uone. Pedali ikizama polepole ukiwa umeishikilia, na kikopo hakipungui, raba za ndani ya masta zinapitisha.

Wakati wa kujaza, soma mfuniko. Ukiandikwa DOT 3, nunua kopo lisilofunguliwa, kwa kuwa mafuta haya hunywa unyevu wa hewani: mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, yaliyokwisha kunywa maji yanaweza kuchemka kwenye 140, na yakichemka mteremkoni pedali hugusa sakafu. Oili ya injini usiitie kamwe. Hutunisha raba zote. Toa upepo ukianzia tairi la mbali na masta, yaani nyuma kushoto.

Gari lilale juu ya maboksi makavu. Asubuhi pima kikopo, zunguka mtaani bila mzigo, kisha angalia tena ndani ya tairi zote kabla ya kupandisha kwenda Mbulu.