Doa kwenye plafo: lisome kabla ya kupanga magunia

Wanamemba wa ushirika, huku Uvira na bonde la Ruzizi wengi wetu tunalaza mahindi na karanga ndani ya nyumba, magunia chini ya plafo. Mvua zikianza, plafo ndiyo inatuambia kwanza kama mavuno yako salama.

Doa lenye ukingo wa kahawia, kama chai iliyomwagika, ni maji ya paa. Usifikiri tundu liko juu yake sawasawa. Maji yanaingia penye msumari, yanafuata mti wa paa, yanaangukia mbali. Panda ndani ya paa mchana, tafuta mwanga unaopenya kwenye manjanja. Ukishaziba, zungushia doa mstari wa makaa. Mvua inyeshe, kisha urudi kutazama: doa likivuka mstari, tundu lingali wazi.

Vidoadoa vyeusi au vya kijani, vimetawanyika kwenye kona bila ukingo, ni jambo lingine. Hilo ni jasho la manjanja. Usiku yanapoa, pumzi za watu na mvuke wa chungu vinageuka matone. Watu wananunua gudron bure. Hapo hakuna tundu. Acha njia ya hewa juu ya ukuta, uweke wavu wa mbu, na kupika kufanyike nje ya nyumba.

Bonyeza plafo kwa kidole. Mbao ikizama, ing'oe, ukiwa umefunga kitambaa puani. Javel inatoa weusi tu, unyevu unabaki.

Nyumba zilizoingia maji ya mwezi wa nne 2020, tazameni ukuta pia. Unyevu unaopanda kutoka chini plafo haiuonyeshi.

Kwa nini tunasumbuka hivi? Mahindi yenye unyevu yanashika kuvu, na kuvu nyingine inatoa aflatoksini, sumu ya maini. Kuipika hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, na 125 walikufa. Mengi yalikuwa mahindi yao wenyewe, yaliyowekwa nyumbani bila kukauka vizuri.

Kwa hiyo gunia lililodondokewa litolewe siku ileile, lianikwe peke yake kwenye shitingi. Likishashika kuvu, lisichanganywe na mengine, lisipelekwe depo, hata kuku wasipewe. Yaliyobaki yapangwe juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, upande wa nyumba usio na doa.