Trekta Kuukuu Linalovuja Mafuta: Ziba Ufa Kabla ya Mvua

Wakulima wa Meru na Embu wanapojiandaa kwa mvua ya vuli inayotarajiwa kuanzia Oktoba, matrekta yanatolewa vibandani kufanyiwa ukaguzi. Timau yanahitajika kwenye mashamba ya ngano, shayiri na viazi. Mbeere yanasubiriwa kulima mashamba ya ndengu, mtama na mahindi, na huko mvua ya vuli ndiyo wengi huitegemea zaidi. Kati ya matrekta hayo kuna Massey Ferguson na Ford za miaka mingi, zilizopita mikononi mwa wenye mali na mafundi kadhaa. Injini bado ina nguvu, lakini kila asubuhi kuna doa la mafuta chini ya trekta.

Mara nyingi fundi huitwa, hukaza nati inayolowa, na doa hukauka kwa siku mbili. Siku ya tatu plau haliinuki vizuri, mafuta yanachuruzika tena, na majirani waliopanga foleni ya kulimiwa wanaanza kutafuta trekta jingine. Somo hili linaeleza kwa nini kukaza peke yake hakutoshi, na jinsi ya kurekebisha viungio vya mfumo wa haidroliki bila kuhatarisha maisha.

Hasara ya tone moja

Tone moja kwa sekunde huonekana kama jambo dogo. Lakini matone 20 hufanya takriban mililita moja. Hiyo ni mililita 180 kwa saa, na karibu lita moja na nusu kwa siku ya kazi ya saa 8. Kwa siku 24 za kazi, mwenye trekta atakuwa amemwaga takriban lita 35, karibu mitungi miwili ya lita 20.

Kuna hasara kubwa kuliko bei ya mafuta. Katika trekta kama Massey Ferguson 135, pampu ya haidroliki imo ndani ya nyumba ya gia, na inatumia mafuta yale yale yanayolainisha gia. Mafuta yakipungua kwa sababu ya kiungio kimoja cha nje, mikono ya kunyanyulia plau hudhoofika, na gia nazo hubaki bila ulinzi wa kutosha. Kiungio cha bei ndogo kinaweza kuua sanduku zima la gia.

Mkono usitafute mafuta yanakotokea

Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa takriban psi 30. Mfumo wa haidroliki wa trekta huweza kupita psi 2,000. Mafuta yakitoka kwa nguvu hiyo kwenye tundu dogo kama la sindano, hupenya ngozi ya binadamu, hata kupitia glavu. Kidonda huonekana kidogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba, na huenda kisiume sana mwanzoni. Ndani, mafuta yanaendelea kuharibu nyama ya mkono.

Mtu aliyepatwa na ajali hiyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema hajambo. Daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa presha, kwa sababu mgonjwa huhitaji kufanyiwa upasuaji haraka. Kungoja hadi kesho yake kunaweza kumgharimu kidole au mkono mzima.

Kwa hivyo, kabla ya kushika spana:

1. Trekta liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo.
2. Plau lishushwe hadi chini. Mtu yeyote asifanye kazi chini ya plau lililoinuliwa kwa haidroliki.
3. Injini izimwe, kisha wenzo wa haidroliki usogezwe mbele na nyuma mara kadhaa ili kutoa presha iliyobaki.
4. Mafuta yaachwe yapoe. Mafuta ya trekta lililotoka shambani yanaweza kuunguza.

Kupata chanzo

Mafuta huteremka na hutapakaa na vumbi, kwa hivyo sehemu inayodondosha mara nyingi siyo inayovuja. Fundi aoshe eneo lote, alikaushe kwa kitambaa, kisha injini iwashwe kwa mwendo wa chini na plau liinuliwe. Akiwa amesimama kando na kuvaa miwani ya kazi, apitishe kipande cha katoni kavu karibu na kila kiungio. Katoni ikilowa, chanzo kimepatikana. Kukiwa na sehemu kadhaa zenye unyevu, ile ya juu zaidi ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Baada ya hapo presha itolewe tena kama ilivyoelezwa hapo juu.

Kila kiungio huzibwa mahali pake

Hapa ndipo matengenezo mengi hukosewa. Si kila kiungio huzuia mafuta kwa nyuzi zake, zile ambazo mafundi huita thredi. Kabla ya kukaza, fundi ajiulize: kiungio hiki kinaziba wapi?

Kiungio chenye nyuzi zinazopungua unene kuelekea nchani huziba kwenye nyuzi zenyewe. Hiki ndicho kinachofaa tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba au gundi maalumu ya nyuzi. Nyuzi zisuguliwe hadi ziwe safi, tepu izungushwe mara mbili au tatu kuelekea upande wa kukaza, na uzi wa kwanza uachwe wazi. Kipande cha tepu kikikatika na kuingia kwenye mafuta, kinaweza kuziba vali.

Kiungio chenye nyuzi za unene mmoja na bega bapa huziba kwa washa. Washa hiyo inaweza kuwa ya shaba, au ya chuma iliyo na mpira upande wa ndani. Tepu haisaidii hapa. Washa ibadilishwe na bega lisafishwe. Washa ya shaba iliyokuwa ngumu huweza kulainishwa kwa kuipasha moto hadi iwe nyekundu, kisha kuipoza na kuisugua, lakini mpya ni bora.

Kiungio chenye oringi huziba kwa mpira huo. Oringi iliyokauka, iliyopasuka au iliyobapa haitaziba hata nati ikikazwa namna gani. Mpya iwe ya kipimo kile kile na ya mpira unaostahimili mafuta, na ipakwe mafuta kidogo kabla ya kuwekwa.

Kiungio chenye koni huziba pale chuma kinapokutana na chuma. Koni ikiwa na mkwaruzo au ufa, kiungio kibadilishwe. Kuikaza zaidi hupanua ufa.

Katika kukaza, spana mbili ndizo sahihi: moja hushikilia kiungio, nyingine huzungusha nati. Spana moja peke yake hupinda bomba la chuma au kulegeza kiungio cha upande wa pili. Nati iliyolegea huweza kuongezwa robo mzunguko. Ikiwa bado inavuja, ifunguliwe ichunguzwe.

Nyuzi zinazofanana lakini si moja

Trekta lililopita kwa mafundi wengi huweza kuwa na viungio vya Uingereza, vya Marekani na vya milimita kwa pamoja. Kiungio cha nusu inchi cha Uingereza, aina ya BSP, na cha nusu inchi cha Marekani, aina ya NPT, vyote vina nyuzi 14 kwa kila inchi. Huingiana, na mkono hudhani vimeshikana. Lakini pembe ya nyuzi za BSP ni digrii 55 na ya NPT ni digrii 60, kwa hivyo mafuta hupata njia. Mkulima anayekwenda kununua vipuri mjini Meru au Embu abebe kiungio cha zamani mkononi badala ya kutaja saizi kwa mdomo.

Mpira wa presha haufungwi kwa tyubu

Mafuta yakitoka pale mpira unapobanwa na chuma, au mpira ukiwa umevimba au kuonyesha nyaya zake, hakuna cha kurekebisha. Mpira wote ubadilishwe kwa mwingine wenye kiwango cha presha kinacholingana na trekta. Kuufunga kwa vipande vya tyubu ya gurudumu au kwa waya ni kuficha hatari tu. Mpira mpya usipindishwe wakati wa kufungwa, na vibanio vinavyoshikilia mabomba virudishwe vyote. Bomba linalotikisika hulegeza kiungio kile kile kila wiki.

Kujaribu kabla ya kwenda shambani

Mafuta yaongezwe hadi alama inayotakiwa, ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha trekta. Injini iwashwe polepole, na mikono ya kunyanyulia iinuliwe na kushushwa mara kadhaa bila mzigo ili hewa itoke. Kisha plau lifungwe, liinuliwe, na katoni ipitishwe tena. Baada ya saa moja ya kulima, trekta lisimamishwe na viungio vikaguliwe upya, pamoja na kiwango cha mafuta.

Mafuta yaliyokingwa wakati wa matengenezo yasimwagwe mtaroni wala kando ya mto. Kathita huko Meru na Rupingazi huko Embu hupeleka maji Tana, na kabla ya kufika huko, maji hayo yamenyweshwa mifugo na kumwagilia mashamba. Mafuta hayo yawekwe kwenye mtungi wenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaokusanya mafuta machafu.

Wakulima wanaotegemea matrekta ya kukodi nao wana nafasi yao. Kabla ya kulipa malipo ya awali, waangalie chini ya trekta. Doa likiwepo, mwenye trekta aulizwe limetengenezwaje. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mvua ikishaanza kunyesha hakuna muda wa kujenga ukuta.