Ifahamu tesla kabla ya kupigwa picha ya MRI

Je, daktari amekuagiza ukapigwe picha ya MRI? Ukifika hospitalini huenda ukaona mtambo huo umeandikwa "1.5 T" au "3 T". Herufi hiyo ni kifupi cha tesla, kipimo cha ukali wa nguvu za sumaku, kama vile kilo ilivyo kipimo cha uzito.

Jina hilo latokana na Nikola Tesla, mvumbuzi aliyezaliwa mwaka wa 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kimo nchini Croatia. Wazazi wake walikuwa Waserbia, na babake alikuwa kasisi wa Kanisa la Othodoksi. Alihamia Marekani mwaka wa 1884, na mnamo 1888 akapewa hataza za mota ya umeme inayoendeshwa kwa sumaku. Alifariki New York mwaka wa 1943. Mtambo wa MRI hakuuvumbua yeye. Picha ya kwanza ya mwili wa binadamu kwa njia hiyo ilipigwa 1977. Kipimo kilipewa jina lake mwaka wa 1960 kwa heshima ya kazi yake.

Tesla moja ni nguvu nyingi. Sumaku ya dunia, ile inayoelekeza sindano ya dira, ni kama tesla 0.00005. Kwa hivyo mtambo wa tesla 1.5 una nguvu mara 30,000 kuishinda.

Nguvu hizo ni za nini? Sehemu kubwa ya mwili wako ni maji, na ndani ya maji mna hidrojeni. Sumaku huzipanga chembe za hidrojeni, kisha mtambo huzirushia mawimbi ya redio. Chembe hizo hujibu kwa mawimbi yake, nayo kompyuta huyageuza kuwa picha ya ubongo, uti wa mgongo au viungo vingine. Hakuna miale ya eksirei inayotumika.

Hatari iko kwenye chuma. Sumaku hii kwa kawaida haizimwi, hata wakati hakuna mgonjwa anayepigwa picha. Mwaka wa 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni ulioletwa chumbani kuvutwa na sumaku na kumgonga kichwani.

Basi, msomaji, kabla hujaingia:

- Vua saa, mkufu, vipuli, mshipi na vibanio vya nywele. Acha nje funguo, sarafu, simu na kadi ya benki.
- Mweleze mhudumu ikiwa una kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, chuma kilichowekwa kwa upasuaji, au risasi mwilini. Baadhi ya vifaa havina madhara, lakini uamuzi ni wa wataalamu.
- Ikiwa wewe ni fundi wa kuchomelea au kusaga vyuma, sema. Kipande kidogo kilichobaki jichoni chaweza kusogea na kuliharibu jicho.
- Mama mjamzito pia ajulishe mapema.

Ukiwa ndani utasikia mtambo ukigonga kwa kishindo. Usiogope, omba vizibo vya masikio, tulia, wala usijitingishe, kwani picha itaharibika.

Ukiulizwa maswali mlangoni, usiyajibu kwa haraka ili uingie upesi, wala usione haya kueleza. Majibu hayo ndiyo kinga yako.